Sikutaja Jina

Baluku mwanangu,

Daktari mkuu wa wilaya ametuambia waandishi leo saa nane mchana kwamba timu yenu ya afya itavuka mpaka wa Mpondwe kesho asubuhi kuelekea Butembo, Kongo, na kwamba kazi yenu huko itakuwa kutafuta kontakti. Alisema hivyo kwa Kiswahili, na lile neno akaliacha kama lilivyotoka kwenye Kiingereza. Nilikuwa benchi la mbele na daftari langu. Wenzangu waliandika mambo ya magari na mahema. Mimi niliandika neno lile moja, nikalipigia mstari, nikarudi nyumbani mapema kuliko kawaida yangu.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Wewe uko Maliba kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua mama yangu hatakuachia uondoke kabla hujala mara mbili. Muda ninao. Sitaandika juu ya dawa za malaria wala sweta. Hayo umeyasomea kuliko mimi. Nataka kukuambia nilichomfanyia mtu anayeitwa Masereka. Anaishi Hima, anatembea akiburuta mguu wa kulia, na Bwera nzima inaamini kwamba alimuuza dereva wake kwa watu wenye silaha. Hakumuuza. Ninajua hivyo kwa sababu dereva yule aliuzwa na mimi.

Nitaanza na neno, kwa kuwa nililijua neno kabla ya kuwajua watu.

Mara ya kwanza nililisikia Kampala, kwenye mafunzo ya waandishi wa redio, nikiwa na mimba yako ya miezi minne. Mkufunzi wetu alikuwa amefanya kazi magazetini miaka mingi. Alitufundisha kwamba kontakti ni mtu anayekupa habari, na kwamba mtu huyo unamlinda kwa kuondoa jina lake kabla ya kuitoa habari, kama mtu anavyoondoa risasi kabla ya kumpa mwenzake bunduki. Jina likiondolewa, alisema, mtu wako yuko salama. Niliandika kwa herufi kubwa. Niliamini.

Mara ya pili lilikuwa la askari. Walituita kambini, chini ya mlima, na afande mmoja akatuambia huku akikoroga chai kwamba alfajiri walikuwa na kontakti. Nilimuuliza alikuwa nani, na amesema nini. Askari waliokuwa karibu walicheka mpaka mmoja akaweka kikombe chini.

“Mama wa redio,” afande akaniambia, “hiyo kontakti haiongei. Inapiga.”

Kisha akatupeleka nyuma ya jiko la kambi. Palikuwa na turubai la kijani, na chini yake miguu ya waliouawa alfajiri ile. Mmoja wao alikuwa amevaa sandali za rangi mbili tofauti. Nilianza kuhesabu sandali kwa sababu sikutaka kuanza na nyuso, lakini kazi ilidai nyuso pia, na nilizitazama zote. Mmoja hakuwa na taya.

Baadaye, steji ya malori Bwera, nililikuta kwa madereva wa ng'ambo ya mpaka. Wao wamelitoa kwenye Kifaransa. Kwao kontakti ni pale unapotia ufunguo: weka kontakti, kata kontakti. Fundi wa umeme aliyekuja kurekebisha taa zetu alisema kontakti imeungua, akanionyesha kipande cha shaba cheusi. Kwenye simu yangu ni orodha ya majina. Kwa daktari wa leo ni mtu aliyemgusa mgonjwa na bado hajaugua. Nimejaribu mara nyingi kutafuta kitu kimoja kinachoziunganisha kazi zote hizo nikashindwa. Kila kazi imelichukua neno ikaondoka nalo, na kila mtu anadhani lake ndilo lenyewe. Hilo peke yake halina madhara. Madhara yanaanza pale mtu anapochukua na masharti ya kazi yake, yaliyotungwa mahali pengine, akayaleta hapa bila kuangalia watu wa hapa wanaishi vipi.

Wewe ni Baluku kwa sababu ulikuwa mvulana wangu wa kwanza. Mdogo wako angezaliwa angekuwa Bwambale, na wa tatu Masereka. Sisi Wakonzo tunazaliwa majina yakiwa yametusubiri kwa foleni. Ukisimama katikati ya soko la Bwera siku ya Jumanne ukaita “Bwambale”, watageuka wanaume wengi kiasi kwamba utasahau ulikuwa unamtaka nani. Mkufunzi wa Kampala hakulijua hilo. Mimi nililijua tangu nilipozaliwa, na sikulifikiria hata siku moja.

Bwambale ninayemzungumzia alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anachukua chumvi Katwe na kuipeleka ng'ambo, mpaka Beni. Pale steji hakuna aliyemwita Bwambale. Madereva pale wanaitwa kwa mizigo yao: kuna Mbao, kuna Mawese, kuna Saruji ambao ni wengi kwa sababu ya kiwanda cha Hima. Wa chumvi alikuwa mmoja. Askari wa mpakani, wauza chai, hata watoto wa barabara ya ng'ambo walimwita Mutu wa Chumvi. Nadhani mke wake ndiye peke yake aliyelitumia jina lake kila siku.

Masereka alikuwa utingo wake. Usimfikirie kijana; alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, anamzidi Bwambale miaka sita au saba, na mvi alikuwa nazo. Hakutaka kujifunza kuendesha. Alikuwa anasema kiti cha utingo ndicho pekee ambacho mtu anaweza kulala huku analipwa.

Wewe ulikuwa darasa la tatu. Alhamisi moja mchana Bwambale alisimamisha lori karibu na nilipokuwa nimekaa, akaniita nipande. Masereka alikuwa upande wa pili anakula muhogo. Injini haikuzimwa. Bwambale alinieleza kwamba jana yake, karibu na daraja la mbao ng'ambo, aliwakuta watu wamelala barabarani. Walikuwa abiria. Walikuwa wamefungwa mikono kwa vipande vya nguo zao wenyewe na kukatwa shingo. Watu wenye bunduki walitoka kwenye migomba wakamwambia apite polepole, pembeni, na kwamba hakuna alichokiona. Alipita. Alikuwa amewaona wengine tayari, miaka yote hiyo, na alikuwa amenyamaza kama madereva wote wanavyonyamaza. Safari hii mmoja wa wale waliolala alikuwa mama aliyekuwa anamuuzia chai kwenye barabara ile.

“Sema, dada,” aliniambia. “Lakini mimi sikuonekana.”

Nilimwahidi. Masereka alimeza muhogo wake akasema, “Dada, angalia sana. Huyu akikufa mimi ndiye nitaendesha, na mimi siko na leseni.” Tulicheka wote watatu.

Niliandika habari ile usiku uleule nikaituma Kampala. Ilikuwa habari nzuri kikazi. Niliondoa jina. Nikaandika kwamba dereva mmoja aliyekuwa amepeleka chumvi ng'ambo aliona maiti karibu na daraja la mbao. Niliweka chumvi kwa sababu mhariri angeniuliza huyu dereva alikuwa anafanya nini kule, na habari isiyo na vitu vya kushikika haisadikiki. Ilisomwa mara moja, saa moja asubuhi, kwa Kiingereza. Bwera wengi walipata fununu tu kwamba redio ya Kampala imesema juu ya maiti. Maneno yenyewe waliyasikia wachache. Mwishoni msomaji alilitaja jina langu. Wewe ulikuwa mezani unakunywa uji, ukapiga makofi.

Wiki iliyofuata Bwambale alivuka bila Masereka. Masereka alikuwa na malaria, amelala zahanati pale Bwera na dripu mkononi. Mbele kidogo ya daraja la mbao, watu wanne walisimama barabarani. Neno la kwanza walilomwambia lilikuwa “Kata kontakti.” Alikata. Wakamwambia ashuke.

“Weye njo mutu wa chumvi?” mmoja alimuuliza. “Njo weye ulionaka watu ku daraja?”

Alikataa. Hawakumuuliza tena. Walimpeleka mbele ya lori, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya bampa. Panga lilikuwa butu, ikachukua mara tatu. Kisha wakapasua gunia moja la mzigo wake na kukishindilia kile kilichobaki cha mkono ndani ya chumvi. Wakamwambia arudi akawaonyeshe wenzake. Aliendesha lori lile mpaka Mpondwe kwa mkono wa kushoto, akiushikilia usukani kwa goti kila alipobadilisha gia. Askari wa mpakani waliofungua mlango walisema sakafu ya lori ilikuwa na matope mekundu ya damu na chumvi, na kwamba yeye alikuwa bado ameshika usukani na hawakuweza kumfungua vidole.

Jumatatu nilikwenda kumwona hospitalini. Alinieleza yote kama nilivyokueleza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Aliponirudishia maneno ya wale watu, niliyatambua. Chumvi na daraja. Vitu viwili nilivyovichagua mimi ili habari isadikike. Jina lake hawakuwa nalo. Hawakulihitaji. Laiti ningeondoa chumvi na kuliacha jina, ningesema dereva anayeitwa Bwambale, wangekuwa bado wanatafuta hadi leo.

“Nani aliniuza, dada?” aliniuliza. Hakuwa amesikia redio. Saa ile alikuwa barabarani. Kisha akasema Masereka hakuja. Safari zote amekuja, siku ile moja tu hakuja.

Nilimwambia apumzike. Nikafunga daftari, nikaondoka.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne, siku ya soko. Nilikwenda Bwera kuandika hali ya madereva. Nilipofika steji nilikuta duara la watu, na nilijua ni duara la nini kabla sijafika kwa sababu watu wa nyuma walikuwa wamenyamaza na wa mbele walikuwa wanahema. Masereka alikuwa chini, mgongo umeegemea tairi la lori. Walikuwa wamemfunga kwa kamba ya turubai. Mdomo ulikuwa umepasuka na jicho moja limefumba. Nukta ya dripu bado ilikuwa inaonekana mkononi, na plasta yake. Waliokuwa wanampiga niliwajua wote. Nilikuwa nimekunywa nao chai.

Nilikuwa nimeshawasha kinasa sauti. Ni mazoea.

Alikuwa anawaambia aliumwa, waende zahanati waulize. Mmoja wa Saruji alimjibu kwamba malaria yake ilikuwa na akili sana, ilijua siku ya kuja. Watu wengine walicheka. Kisha mtu mmoja mwenye busara kuliko wengine, na nasema hivyo bila kejeli, akasema wasubiri, labda ni redio. Akaniona.

“Madamu. Wewe nayo, ulitaja jina ya Bwambale kwa redio?”

Wote waligeuka. Masereka pia alinitazama kwa lile jicho lililobaki.

“Dada,” alisema, “waambie.”

Ningeweza kusema maneno mawili tu: “Nilisema chumvi.” Wangeelewa hapohapo, watu wale walikuwa wanaishi kwa majina ya mizigo. Niliangalia viatu vyangu, kisha nikawaangalia wao, nikasema:

“Sikutaja jina.”

Ilikuwa kweli, Baluku. Ungeweza kuipeleka mahakamani.

“Mumesikia,” yule wa Saruji akasema. “Redio haikusema. Sasa ni nani alisema?” Akachukua spana ya magurudumu. Wawili waliunyoosha mguu wa Masereka juu ya kipande cha mbao, na spana ikashuka kwenye goti. Kwenye kinasa sauti kuna sauti yangu, kisha sekunde chache, kisha sauti kama ya kuni kavu. Walirudia. Hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alitoa pumzi tu, ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Walimwacha pale polisi walipotokea upande wa mpakani, na yule wa Saruji alifuta spana kwenye suruali yake akairudisha kwenye sanduku la vifaa, mahali pake.

Nilituma habari. Nilisema watu wenye hasira wamempiga mtu anayeshukiwa kushirikiana na wenye silaha. Niliandika “anayeshukiwa”, kama tunavyofundishwa.

Hakuna aliyemshtaki Masereka kwa lolote, kwa hiyo hakuna aliyemsafisha. Bwambale alipotoka hospitali alikuta jambo limeshakwisha na akalichukua kama lilivyo. Mke wa Masereka alibaki Bwera miezi michache, kisha watoto wakaanza kuitwa watoto wa muuza-watu shuleni, akawatoa. Walihamia Hima. Mama yake Masereka alipofariki, mlimani juu ya Bwera, ndugu zake walimtumia ujumbe kwamba madereva watakuja kuzika na asionekane. Alikwenda akasimama upande wa pili wa bonde, ambako angeweza kuona watu lakini si kaburi. Hilo niliambiwa na mtu aliyempita pale kwa pikipiki. Kulikuwa na mvua, na hakuwa na mwavuli.

Nimekuwa nikijiambia sababu. Nilikuwa na mtoto mmoja na hakuna baba wa kunisaidia. Ningesema, spana ile ingenigeukia mimi. Hayo yote ni kweli pia. Mimi ni hodari wa kusema mambo ya kweli. Lakini sababu iliyofanya kazi pale, katika sekunde zile, ilikuwa ndogo zaidi. Nilikuwa najulikana Kasese nzima kama mwandishi asiyekosea. Watu waliniuliza swali na mimi nilikuwa na jibu sahihi, na nilipenda kuwa na jibu sahihi. Goti la mtu lilivunjwa kwa ajili hiyo.

Unaweza kuuliza kwa nini leo. Ni kwa sababu ya fomu yako.

Wiki tatu zilizopita ulinionyesha kwa furaha. Ulisema mkufunzi wenu amewaambia hakuna tatizo tena kama la zamani, kwa sababu jina la kontakti haliandikwi. Anapewa namba, na namba inamficha. Niliisoma fomu ile ulipokuwa unaoga. Ni kweli, jina halipo. Chini ya namba kuna mistari mitatu: kazi anayofanya, mtaa, alama ya kuitambulisha nyumba.

Ugonjwa huu mnaoufuata Butembo ulipokuja upande wetu miaka ile, nilikwenda kijiji kimoja chini ya Bwera kuandika habari za mama aliyekuwa anauza mandazi. Alikuwa amemshika mkono mgonjwa mmoja, basi. Kijana wa afya, mwenye adabu kama wewe, alikuwa na karatasi isiyo na jina lake, na aliipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji ili aonyeshwe nyumba: muuza mandazi, karibu na zahanati, mlango wa bluu. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wanacheza karata. Jioni hiyo walichoma jiko lake. Aliingia kuokoa karai lake la mafuta, na mafuta yalikuwa bado ya moto. Nilimkuta siku ya pili ameketi nje, ngozi ya mikono imeinuka kama karatasi iliyolowa. Yule kijana wa afya walimrushia mawe mpaka akaanguka na pikipiki yake mtoni. Hakuwa mgonjwa yule mama. Siku zake za kuangaliwa ziliisha na hakuugua. Nilimuuliza kijana yule, akiwa amefungwa bandeji kichwani, ilikuwaje. Unajua alinijibu nini? Alisema, madamu, mimi sikumwandika jina.

Nilizima kinasa sauti na nikarudi Kasese, na bado sikwenda Hima. Nakuambia hili ili usifikiri kwamba mtu akiona kosa lake mara ya pili anabadilika. Nilihitaji kuliona kwenye fomu ya mwanangu.

Butembo sitakuwepo, na sijui mitaa yake. Wewe utajua. Kabla ya kuandika mstari wowote kati ya ile mitatu, mwulize mtu unayemwandika: hapa watu wanakuitaje? Siyo jina lako, wanakuitaje? Atakuambia, na hicho ndicho usiandike. Daktari wenu akigomba kwamba mstari uko wazi, acha agombe. Na siku itakuja ambapo mtu atakuja kwako mbele ya wengine akuulize kama ulimtaja, na utakuwa na jibu la kweli mdomoni ambalo litakutoa wewe salama. Sina la kukufundisha juu ya siku hiyo. Nimekueleza tu mimi nilisema nini.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Hima. Masereka anashona magunia yaliyopasuka kwenye uwanja mmoja kando ya barabara ya Fort Portal. Malori yanapita na vumbi la saruji limemfanya mweupe hadi kope. Alinitambua kabla sijashuka kwenye pikipiki. Alinipa debe nikalie, akaendelea kushona. Nilimweleza yote, tangu Alhamisi ya muhogo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikata uzi kwa meno.

“Umechelewa, dada,” alisema. “Goti imeshazoea kutembea vibaya.”

Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema alijua siku ileile. Mtu anayesema kweli haangalii viatu. Alikuwa amengoja nije hospitali alikolazwa, kisha akangoja mwaka, kisha akaacha kungoja kwa sababu kungoja kulikuwa kunamkosesha usingizi. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia watu mwenyewe. Alicheka, na nikaona meno yaliyobaki.

“Nani atasikiza muuza-watu?” Kisha akaacha sindano. “Mimi usiniambie. Mimi nilikuwa najua. Enda uambie steji. Mama yangu amelala kule na sijaona kaburi yake.”

Niliporudi nilimpigia Bwambale. Yeye sasa ndiye mwenyekiti wa madereva wa steji ile. Haendeshi tena, lakini hakuna lori linalotoka bila yeye kujua. Nilimwambia nina jambo la kusema mbele ya madereva wote juu ya mkono wake. Nikasikia mtu nyuma yake anahesabu magunia.

“Ni wewe?” aliuliza.

“Ni mimi. Nilisema chumvi.”

Simu haikukatika. Yule mtu aliendelea kuhesabu. Kisha Bwambale akanitajia siku na saa, na akasema nisije na polisi. Nilimuuliza kama Masereka atakuwa salama. Alisema hakuna atakayemgusa Masereka. Juu yangu hakusema kitu, nami sikumuuliza. Nilimpigia Masereka nikamweleza hivyohivyo, bila kuongeza. Alisema atakuja.

Sitaki uahirishe safari, na kwa sababu hiyo barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, chini ya buti, mahali ambapo hutafika kabla ya Butembo. Wenye ugonjwa kule hawawezi kukungojea ushughulike na mambo ya mama yako. Ukitaka kunikasirikia, una haki, na uichukue yote. Niliyoyaandika hapa ndiyo niliyonayo. Kama mtu atakueleza tofauti, mwulize aliona wapi.

Kikao ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, steji ya malori, Bwera. Masereka atapanda basi la kwanza la kutoka Hima na amekataa nimpitie. Anasema atashuka pale mwenyewe, kwa mguu wake. Bwambale amepanga nianze mimi, afuate yeye, kisha Masereka aulizwe anataka nini.

Mama yako